Cheti ninacho, ulimi sina

Nyumbani kwangu Buhongwa, kwenye droo ya kabati la vyombo, kuna cheti chenye mhuri wa bluu kinachosema nimehitimu mafunzo ya siku mbili ya kuzungumza mbele ya hadhira. Nilikipata katika ukumbi wa hoteli moja hapa Mwanza, chai ya saa nne na sambusa mbili zikiwa ndani ya ada. Wiki tatu baadaye nilisimama msibani Magu kusoma wasifu wa marehemu babu yangu, mbele ya watu ambao nusu yao walinibeba mgongoni, na sikufika mstari wa nne. Karatasi ilitetemeka hadi maandishi yakawa hayasomeki. Binamu yangu akainuka, akaipokea taratibu kama anayepokea mtoto, akamalizia kusoma. Yeye hajakanyaga semina yoyote maishani mwake. Ni katekista wa kigango.

Semina siilaumu. Mengi waliyotufundisha yalikuwa ya kweli, na hadi leo nayatumia. Kosa lilikuwa langu: nilinunua kitu kimoja nikitegemea kazi ya kingine. Tangu siku ile nimejifunza jambo hili kwanza kwa ajili ya kujiokoa mwenyewe, kisha kwa kuwasaidia wengine jioni baada ya kazi, na karibu kila anayenijia amebeba mkanganyiko uleule niliokuwa nao. Tunasema "mafunzo ya kuongea" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ndani yake kuna vitatu. Kuna kufundishwa, ambako watu arobaini wanakaa ukumbini na kupewa kanuni. Kuna kunolewa, ambako mtu mmoja anakusikiliza wewe peke yako na kukuambia kosa lako wewe, ambalo jirani yako hana. Na kuna kuzoea, ambako hakuna anayekuuzia, kwa sababu kunapatikana kwa kusimama tu, tena na tena, mpaka mwili uchoke kuogopa.

Mtoto wa Ukerewe hajifunzi kupiga kasia kwa kusikiliza mada. Lakini pia yupo aliyepiga kasia miaka ishirini na bado mtumbwi unamwendea upande, kwa sababu hajapata wa kumwambia kwamba mkono wake wa kushoto ni mvivu. Vitu hivi vitatu haviwezi kukaimiana.

Woga una kazi yake

Tuanze na woga, maana ndio unaowapeleka wengi semina. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo zinamwaga adrenalini kwenye damu: moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi na kupanda kifuani, damu inakimbilia misuli mikubwa ya mikono na miguu, mate yanakauka. Hayo yote ni maandalizi mazuri sana ya kumkimbia mamba. Mgeni rasmi, kwa bahati mbaya, hakimbiwi. Nguvu iliyoandaliwa inakosa pa kwenda, basi inajitokeza kwenye magoti, vidole na koo. Sauti inakuwa nyembamba kwa sababu misuli ya koo imekaza, wala haihusiani na kipaji.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walieleza jaribio ambalo hadi leo maabara nyingi hulitumia zinapotaka kumtia mtu msongo kwa makusudi. Unapewa dakika chache za kujiandaa, unasimama mbele ya jopo, unajieleza kama mwombaji wa kazi, kisha unafanya hesabu za kutoa kichwani huku ukizitaja kwa sauti. Jopo limeagizwa lisionyeshe dalili yoyote ya kukuunga mkono. Kotisoli, homoni ya msongo, ilipanda mara mbili hadi nne ya kiwango cha mwanzo. Hawakuhitaji mamba. Watu wachache wenye nyuso kavu walitosha.

Kwangu mimi siri ya jaribio lile ni hizo nyuso. Anayekuvunja nguvu ni yule anayekutazama bila kuitika, na hapa kwetu tuna dawa yake ambayo hatuihesabu kuwa dawa. Hadhira ya kwetu imelelewa kuitikia. Simama Igoma useme "Mwangaluka" uone kama kuna atakayenyamaza. Salamu inayojibiwa na watu mia mbili ni adabu, sawa, lakini pia inalegeza nyuso mia mbili kwa mkupuo na kukupa wewe sekunde tano za kupumua. Ajabu ni kwamba watu wengi huitupa kwa haraka, wakakimbilia karatasi yao.

Jambo la pili lililonisaidia ni kujua kwamba woga wangu hauonekani kama ninavyodhani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi waliotakiwa kutoa hotuba. Baadhi yao waliambiwa mapema kwamba msemaji huuona woga wake kuwa wazi kuliko hadhira inavyouona. Hao walizungumza vizuri zaidi, kwa maoni yao wenyewe na kwa maoni ya waliowasikiliza. Hawakupewa zoezi lolote, walipewa taarifa tu. Mimi ninapomrekodi mtu kwa simu, kazi ya kwanza ya ile video ni hiyo: ajione. Karibu kila mtu husema, "Mbona sikutetemeka?" Ulitetemeka, ndugu yangu, ila ndani.

Na la tatu: usijiambie "tulia". Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba waliojiambia wana shauku kabla ya kuhutubia walisikika wenye ushawishi zaidi kuliko waliojiambia wametulia. Inaingia akilini. Moyo unaokwenda mbio hauwezi kusimamishwa kwa amri, lakini unaweza kuubadilishia jina, maana kabla ya fainali ya mpira nao unakwenda mbio vilevile na hakuna anayeuita ugonjwa. Mteja wangu mmoja, kijana anayejiandaa na usaili, hujisemea "nina hamu nao". Nimeipenda, nami nimeiba.

Hapo ongeza ufundi mdogo mdogo. Toa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko ulioutumia kuivuta, mara nne au tano kabla jina lako halijaitwa. Andika kwenye kadi ngumu, kwa sababu karatasi nyepesi hukuza mtetemo wa kidole ukawa tetemeko la ardhi. Laiti ningelijua hilo Magu. Sentensi ya kwanza na ya mwisho zikariri neno kwa neno, zilizobaki zielewe tu. Wapo wanaonong'onezana kuhusu vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo. Vipo, na kwa mwenye pumu vinaweza kuwa hatari kubwa, hivyo hiyo ni habari ya daktari, wala usiifanye siri yako na muuza duka la dawa.

Yanayouzwa ukumbini

Ukihudhuria semina tatu, katika mbili utaoneshwa duara lililokatwa vipande: maneno asilimia 7, sauti asilimia 38, mwili asilimia 55. Mwezeshaji atasema sayansi imethibitisha kwamba unachosema si muhimu kama unavyokisema. Tarakimu hizo zilitokana na tafiti za Albert Mehrabian za mwaka 1967, ambazo watu walisikilizishwa neno moja moja kwa sauti tofauti na kuonyeshwa picha za nyuso, wakisie kama msemaji anampenda au hampendi anayesemeshwa. Zilihusu hisia zinapogongana na maneno. Mehrabian mwenyewe amesema haziwezi kubebeshwa mawasiliano yote. Na hata bila utafiti, jaribu hivi: mlete mtu ahutubie kwa Kifini pale stendi ya Nyegezi, mikono ikipaa na sauti ikipanda na kushuka, halafu uone kama tutaelewa asilimia 93.

Kuna pia ile ya kusimama msalani dakika mbili, mikono kiunoni kama askari wa usalama barabarani, eti homoni za ujasiri zipande. Utafiti wa mwaka 2010 ulidai hivyo. Mwaka 2015 wengine waliurudia kwa watu wengi zaidi, homoni hazikubadilika, na mwaka uliofuata mmoja wa waandishi wa ule wa kwanza akatangaza hadharani kwamba haamini tena. Kama kusimama hivyo kunakufurahisha, simama. Usilipie tu.

Lakini semina nzuri ina jambo moja inalofanya vizuri kuliko mwalimu binafsi, nalo ni kukufundisha mpangilio. Watu arobaini wanaweza kabisa kufundishwa kwa pamoja kwamba hotuba ina kichwa, kiwiliwili na miguu. Mfano ninaoupenda ni wa Mwalimu Nyerere, Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yakiwa yameingia Kagera, ng'ambo ya ziwa hili hili. Alilijengea taifa hoja ya vita juu ya vitu vitatu: uwezo, sababu na nia. Leo muulize mtu yeyote wa umri wa baba yangu, atavitaja vyote vitatu bila kusita, pengine na mkono atainua. Hotuba ngapi umesikia mwaka huu ambazo unaweza kutaja hata moja ya hoja zake?

Jaribio langu ni dogo kuliko hilo. Kabla mtu hajaandika chochote, namwomba anitumie ujumbe wa kawaida wa simu, mstari mmoja: "Nataka watu wakitoka pale wa...?" Wafanye nini? Asipoweza kujaza hapo, hatuna hotuba, tuna kelele zenye heshima.

Kunolewa

Neno "kocha" kwetu lina harufu ya uwanja wa Kirumba, na si vibaya. Kocha wa mpira hasomi mada. Anatazama mguu wako.

Aliyenifungua macho kuhusu kazi hii ni Lionel Logue, Mwaustralia aliyeanza kumsaidia mtoto wa mfalme wa Uingereza mwaka 1926. Mtu huyo alikuwa na kigugumizi, na baadaye, bila kutarajiwa, akawa Mfalme George wa Sita, akalazimika kuzungumza redioni Septemba 1939 siku vita ilipotangazwa. Logue hakuwa daktari. Alikuwa na sikio, na uvumilivu wa kukaa na mtu mmoja miaka na miaka, akifanyia kazi pumzi yake na kupitia hotuba zake maneno yakiwa bado kwenye karatasi, mahali penye mtego papatiwe njia nyingine. (Kigugumizi, nikitaja hapa, ni jambo la mtaalamu wa matamshi. Mimi huwa nasema hivyo siku ya kwanza na sichukui hela.)

Nieleze kikao kimoja kilivyo, maana ndipo watu hawaelewi wanacholipia.

Mwaka jana alinijia mama mmoja anayeanika dagaa Igombe na kuuza soko la Mwaloni, Kirumba, ambako wanunuzi wanatoka hadi Kongo. Kikundi chao cha wanawake kilikuwa kimempa kazi ya kuzungumza mbele ya mgeni kutoka serikalini. Dakika tano. Alikuja na daftari la shule la binti yake, kurasa sita zimejaa.

"Mwalimu, naomba unifundishe Kiswahili kizuri," alisema. "Mimi nimekulia Kisukuma, r na l zinanipiga chenga."

Nikamwambia asome, nikawasha simu kurekodi. Mheshimiwa mgeni rasmi. Waheshimiwa madiwani. Mwenyekiti wa mtaa, watendaji, viongozi wa dini, wageni waalikwa, ndugu waandishi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Dakika moja na sekunde hamsini. Halafu historia ya kikundi: kilianza na wanachama wangapi, nani alikuwa mweka hazina wa kwanza, nani alifuata. Neno "chanja" lilitokea dakika ya nne na nusu. Chanja za kuanikia dagaa ndizo walizokuwa wakiomba. Ndani ya muda wote huo nilihesabu "yaani" thelathini na moja.

Nikaenda kuchota maji ya kunywa. Simu nikaiacha inarekodi. Kwa kusahau, sitajifanya mjanja. Niliporudi nikamuuliza, hivi hizo chanja kwani zina shida gani, si mnaanika mchangani siku zote? Akacheka kwa uchungu.

"Mwanangu, wewe hujawahi kuanika. Dagaa wa mchangani mvua ikimnyeshea mara moja tu, basi, huyo ni chakula cha kuku. Gunia nililolitegemea kwa ada ya mtoto naliuza kwa bei ya kulisha kuku wa mtu. Na hata jua likiwaka, mnunuzi anang'ata dagaa, anasikia mchanga, anatema, anaondoka. Chanja ni miti na wavu! Miti na wavu tu, dagaa akae juu, upepo upite chini."

Sekunde arobaini. Alitazama juu ya bega langu kama anayaona mawingu yanakuja kutoka ziwani. Aliposema "anatema", mkono wake ulitupa dagaa asiyekuwepo. Hakukuwa na "yaani" hata moja.

Nilimrudishia sauti yake. Akasikiliza, akaniangalia. "Hiyo ndiyo hotuba, mama," nikamwambia. "Ile ya kwenye daftari tumwachie binti yako afanyie hesabu."

Semina isingeweza kumpa hicho. Angekaa kiti cha nyuma, angeandika "hadithi huvutia msikilizaji", angepiga mstari chini, na angeondoka bila kujua kwamba hadithi anayo na anaisimulia vizuri kuliko mwezeshaji, ila karatasi inamfunga mdomo. Kunolewa ni kupata mtu wa kusikia tofauti kati ya wewe unapoongea na wewe unapohutubia, kisha akakuziba njia ya kurudi kule kwa pili.

Tulikutana mara sita. Kila kikao jambo moja, kwa sababu ukimpa mtu makosa matano ayarekebishe kwa pamoja anaongeza la sita, la kujitazama. Kwanza mwanzo wa hotuba. Kisha kunyamaza: aseme "chakula cha kuku", afunge mdomo, ahesabu mbili, ndipo aendelee. Hilo lilimtesa. Kwake kunyamaza mbele za watu kulikuwa kusahau. Tulirudia sentensi ile moja labda mara kumi na tano, papo kwa papo, nikimsimamisha kila aliporuka. Mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walipoandika mwaka 1993 kuhusu mazoezi ya makusudi, walichosisitiza ndicho hicho: kipande kidogo, kilichochaguliwa, jibu la haraka, kurudia. Haipendezi kutazama, inafanana na mtu anayepiga msumari uleule.

R na l sikuzigusa, isipokuwa pale zinapobadili maana. Lafudhi ya Mwanza mbele ya watu wa Mwanza haihitaji msamaha, na anayejisahihisha katikati ya neno husikika mwongo. Lakini "kura" na "kula" si mchezo. Kila msimu wa uchaguzi kuna anayeomba kimoja akasikika anaomba kingine. Katika hotuba yake kulikuwa na "tulipiga kura". Tukaandika "tulikubaliana".

Kipaza sauti tulikifanyia mazoezi kwa chupa ya soda: ngumi moja kutoka kidevuni, kisishuke mkono unapochoka, usikigongegonge, usisimame mbele ya spika maana kitawika. Dakika kumi tu, zikaisha. Nashangaa semina nyingi zinaliacha hilo, ilhali ndilo linaloharibu hotuba nyingi kuliko woga.

Kama unatafuta wa kukunoa, sikiliza anachofanya katika dakika kumi za mwanzo. Akianza kuzungumza yeye, ondoka. Anayefaa atataka kukusikia kabla ya kutaja bei, atakurekodi, na rekodi atakuachia. Atakuuliza tukio ni lipi, lini, mbele ya nani. Asiyeuliza hayo atakufundisha kuwa yeye, na Mwanza tayari tuna vijana wengi wanaovuta sauti puani kama washereheshaji wa harusi.

Pa kuzoea

Mwaka 1924, Santa Ana, California, mtu aitwaye Ralph Smedley alianzisha klabu ya watu wa kawaida kufanyishana mazoezi ya kuongea katika jengo la YMCA. Ndiyo iliyozaa Toastmasters, ambayo leo ina klabu katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Ujanja wake ni mdogo hata unakera: kila kikao kuna anayehutubia dakika tano hadi saba, kuna mwenye saa anayeinua rangi ya kijani, ya njano, kisha nyekundu, kuna anayehesabu vijineno vya kujazia, kuna aliyepewa kazi ya kutathmini, na kuna wanaotupiwa swali wajibu bila maandalizi. Hakuna mwalimu. Zamu zinazunguka.

Huhitaji kungoja klabu ifunguliwe mtaani kwako. Sisi tuko saba, Jumamosi alasiri, chini ya mwembe huko Mkolani. Mwenye kuhesabu "yaani" ana punje za mahindi na sahani ya bati: kila "yaani", punje moja inadondoshwa. Ting. Wiki ya kwanza sahani ililia kama mvua ya mawe. Baada ya mwezi mtu anaanza kuisikia punje kabla haijadondoka, anafunga mdomo wakati mwenzake keshanyanyua mkono.

Na nje ya mwembe, jukwaa la bure limejaa mji huu. Jumuiya ndogondogo zinatafuta msomaji kila wiki. Vikoba vinahitaji mtu wa kueleza mahesabu. Kamati ya harusi inahitaji wa kutoa neno la shukrani, na msiba, Mungu atuepushe, unahitaji wa kusoma wasifu. Binamu yangu katekista alikuwa amesimama mbele ya watu kila Jumapili kwa miaka kumi na miwili kabla ya siku ile aliponipokea karatasi. Piga hesabu mwenyewe, inapita mara mia sita. Mimi nilikuwa na siku mbili na sambusa.

Wasukuma wa zamani walilijua hili kwa ukali zaidi. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, ambayo hadi leo hurindima Bujora kila Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, jirani kabisa, na kwa kawaida ya tangu zamani mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Mtazamaji haandiki alama. Anageuza miguu, anakwenda kule kwingine. Sijaona tathmini ya kweli kuliko hiyo; na unapoona watu wa nyuma wakifungua simu zao katikati ya hotuba yako, jua miguu imegeuka, ila tu viti ni vya kukodi na chakula bado hakijatoka.

Mwaka mmoja baada ya msiba tulirudi Magu kwa kumbukumbu ya babu. Nikaomba neno la shukrani. Kadi ngumu, sentensi mbili nilizozikariri, na moyo uleule uliokwenda mbio kama mwanzo, maana huo haujapona na sitegemei upone. Nilimaliza. Shangazi mmoja alisema nimeongea kidogo mno, akidhani ni kosa.

Yule mama naye alisimama siku yake. Nilikuwa nyuma, karibu na fundi mitambo. Alisalimia kwa Kisukuma, wakaitika, akatulia, akasema: "Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba ufumbe mkono kama umeshika dagaa." Na mgeni rasmi akafumba mkono kweli. Akapelekwa mpaka mchangani, mvua ikanyesha, mnunuzi akatema. Katikati umeme ukakatika, kipaza sauti kikafa, naye akaongeza sauti tu, bila hata kukitazama. Dakika nne na sekunde ishirini. Mgeni aliuliza chanja moja inagharimu kiasi gani, naye alikuwa na bei ya miti na bei ya wavu kichwani, kwa sababu swali hilo tulikuwa tumelitegemea na nilikuwa nimemuuliza mara kumi.

Siku mbili baadaye alinitumia ujumbe wa sauti. Nilitegemea "wabeja", asante ya Kisukuma. Akaanza kwa kuguna.

"Mwalimu, wewe na mkasi wako. Ulinikatia itifaki yote, nikamruka mwenyekiti wa mtaa. Amekaa mstari wa mbele, na kofia yake, sikumtaja. Jana nimepita kwake kumsalimia, kanijibu akiwa ndani, mlango haujafunguliwa."